Ule wimbo wa mchakamchaka wa Idi Amini bado unaimbwa shule za kwenu?

Korosho_Mbichi:
Wakuu habari za asubuhi. Leo napita karibu na shule moja ya msingi huku kwetu Mtwara nikasikia madogo wako mchakamchaka wanaimba "Idi Amini akifa mimi siwezi kulia, nitamtupa Kagera awe chakula cha mamba", nikamwambia bodaboda simama kwanza, nikacheka peke yangu kama chizi. Hao madogo wamezaliwa juzi tu! Hata mimi vita yetu na Amini inaisha nilikua bado sijazaliwa, na 2005 niko la nne tunaimba "akifa" wakati mtu keshakufa tangu 2003 na kuzikwa huko Jeddah, ila mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo sasa nani amwambie. Naomba kujua ulifikaje huku mwisho wa nchi ambako vita haikufika? Na kwenu maneno yalikua hayohayo?

Ticha_Mstaafu:
Kijana, usiseme vita haikufika kusini, sema kusini ilienda vitani. Amini kaingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, tarehe 2 Novemba Mwalimu akahutubia taifa, ile ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Hapo katikati jeshi liliongezwa watu mno, mgambo, JKT, polisi, magereza, kutoka mikoa yote, na waliorudi walirudi na nyimbo zao. Halafu sisi wa enzi hizo tulipitia JKT kwa mujibu wa sheria, alfajiri unakimbizwa huku unaimba, ukija kupangiwa shule huko kijijini unajua mchakamchaka gani mwingine zaidi ya ule? Unawapa watoto huohuo. Hilo itikio lenu la "chinja" unadhani alilitunga mwalimu wa sayansi kimu?

mamu_wa_moro:
Hahaha ticha 😂😂 sisi kiranja alikua anaanza na "alisema Nyerere alisema, vijana wangu wote mmelegea" ndo anahamia kwa Amini. Mi nilijua Amini ni zimwi, kama lile la kwenye hadithi za bibi, nimekuja kumuona kwenye picha form two nikashangaa kumbe ni mtu kabisa na anacheka

Kreti_Tupu:
Mi nipo Mutukula hapa mpakani, ukitaka kuujua huo wimbo uimbe mbele ya Waganda. Kuna jamaa wa Kampala kaujua wote kwa madereva wetu wa malori, anaimba mpaka na chinja yake, tena kwa sauti kuliko sisi. Siku moja akauanzisha akiwepo mwenzake wa Arua, kule West Nile alikotoka Amini, yule bwana hakusema kitu, akamalizia chai yake akaondoka. Tangu hapo tukimuona tunabadilisha stori.

kyaka_ng'ambo:
Naona mnacheka sana, sio mbaya. Mi ni wa Kyaka, pale kwenye mto Kagera wenyewe. Daraja letu lilivunjwa kwenye hiyo vita, watu wakakimbia makwao, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda, kwa hiyo kwa wazee wetu huo haukua wimbo wa kupashia mwili, bibi yangu tukipita tunaimba alikua anaitikia kutoka jikoni na mwiko mkononi. Ila 1994 huohuo mto ulileta maiti kutoka Rwanda, zinapita mchana na usiku mpaka Ziwa Victoria, watu wakaacha kula samaki. Nilikua la tatu. Hakuna aliyetukataza kuimba, mwalimu aliacha tu kuuanzisha, na kiranja naye hakuuanzisha, tukawa tunakimbia kwa zile nyimbo nyingine. Ulikuja kurudi baadae sana, akaurudisha mwalimu mgeni aliyehamia kutoka mkoa mwingine, maskini hakujua, na sisi wakubwa tukaitikia hivyohivyo.

Korosho_Mbichi:
Duh. Mkuu wa Kyaka pole sana asee. Mi niwe mkweli, mpaka namaliza la saba nilikua najua Kagera ni jina la bwawa la kufugia mamba, yaani serikali inawafuga pale kwa ajili ya Amini. Shukrani ticha pia. Kesho nikipita pale nitamuuliza mwalimu wa zamu yeye kautoa wapi, maana nae anaonekana ni wa 2000 hivi.