MREJESHO: Kuondoa mitego ya nyaya, Ziwa Nakuru

Asanteni mliojibu. Swali lilikuwa: anayeishi karibu na uzio wa Mbuga ya Ziwa Nakuru atajitoleaje kuondoa mitego ya nyaya? Ushauri uliofaa ni ule wa kwenda na askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), tena si kwa sababu ya nyati na vifaru pekee. Ukikutwa peke yako na nyaya hizo mkononi, utajieleza vipi?

Watu hupangwa mstari mmoja, mita tano hivi kati yao. Nyasi zikiwa ndefu, wasogeleane. Fuateni vijia vya wanyama, hasa vinavyopenya vichakani. Kitanzi cha swala huning'inia chini, cha nyati juu zaidi. Waya wenye kutu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tafuteni fundo kwenye shina au gome lililokwaruzwa. Piga picha, andika alama ya GPS, ndipo ukate kwa koleo palepale shinani. Kulegeza tu ni kazi bure, kitategwa tena jioni. Vipande vyote vihesabiwe na kukabidhiwa askari. Glavu ziwe za ngozi. Mkikuta mnyama hai amenasa, rudini nyuma, aitwe daktari wa wanyamapori.