Mrejesho: kapasita darasani, Moshi

Wakuu, niliwauliza namna ya kuwaonesha kidato cha pili kapasitansi (uwezo wa kapasita kutunza chaji ya umeme) bila vifaa vya maabara. Asanteni sana, imekubali!

Kapasita ya maikrofaradi 1000 (kipimo cha kapasitansi), kikomo chake volti 16, nimeipata kwa fundi redio hapa mjini. Tukaichaji kwa betri ya volti 9, tukaitoa betri, tukaiunga na rezista (kipunguza mkondo wa umeme) ya kiloomu 10, multimita ya kupimia volti juu ya meza. Darasa zima likahesabu kwa sauti: sekunde ya 10, imeshuka hadi volti 3.3 hivi. Tukaongeza kapasita ya pili sambamba. Safari hii ikachukua kama sekunde 20 kufika palepale. Binti mmoja wa nyuma, ambaye huwa haongei kabisa, akasema, "Mwalimu, ni kama tumeongeza ndoo." Nilifurahi mno.

Angalizo: mguu wa kapasita wenye alama ya kutoa uende hasi ya betri. Ukigeuza, inaweza kupasuka.