Mama ana sukari, kidonda unyayoni anasema hakimuumi, na mtoto nae nyayo bapa

BintiKwahani
Assalaam alaykum jamani, mie sijalala tangu jana. Mama yangu ana miaka 68, sukari anayo mwaka wa 12 huu. Jana namsugua magaga ndo nikaona chini ya dole gumba pana kidonda, kadogo tu kama sarafu, pembeni sugu ngumu, namuuliza hiki toka lini ananambia kidonda gani? Hakijui! Tukaja kukumbuka Ijumaa alivuka uwani kwenda kwa jirani bila ya ndara, saa saba mchana, saruji inawaka moto. Yeye anasema madhali hakiumi kitapona chenyewe, kaka anataka tukipake asali tukifunge. Halafu mwanangu wa miaka mitatu nyayo zake bapa kabisa, akitoka kuoga alama ya mguu sakafuni inatoka nzima, na usiku mwengine anaamka analia miguu. Bibi yake anasema nimnunulie viatu vigumu vya kufunga. Wenye ujuzi nambieni.

MuuguziPemba
Waalaykum salaam dada. Kwanza mama, la mtoto linasubiri. Kidonda kisichouma kwa mtu wa sukari ndo cha kukimbilia hospitali, mpeleke kesho asubuhi. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na damu nayo haifiki vizuri, basi anaungua hajui, anakanyaga msumari hajui. Wewe ukijikata unachechemea, na kule kuchechemea ndo kunaupumzisha mguu ukapona. Mama hachechemei, kila hatua anakichimba.
Asali muiwache. Chini ya sugu huwa pana shimo kubwa kuliko unaloliona, lazima ikwanguliwe na mtu anaejua, kwa vifaa safi, na tafadhali msiiguse kwa wembe nyumbani. Kwa leo mwoshe kwa maji safi, mfunike kwa bendeji safi, asiukanyagie. Ila ukiona wekundu unapanda, mguu umevimba una moto, harufu, usaha au homa, usingoje asubuhi, ondokeni usiku huo huo. Nyie mjini hospitali ya Mnazi Mmoja ipo karibu, sie huku Pemba tunakwenda hospitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee, Mkoani.

MwanaMwani_Paje
Dada msikilize huyo muuguzi. Baba yangu alikatwa vidole viwili kwa sababu ya kijiwe ndani ya kiatu, alishinda nacho kutwa nzima hakukihisi, na duka la dawa tulilokwenda mwanzo wakatuuzia vidonge tu bila hata kumwambia avue kiatu. Mpaka leo inaniuma.
Sasa kila baada ya Isha namtizama miguu, juu, chini na katikati ya vidole, na kiatu nakikung'uta kabla hajavaa. Akitawadha anakhalilisha vidole vizuri, yaani anapitisha maji katikati yake, lakini akimaliza anajifuta mule mule katikati kwa kitambaa kikavu, maana unyevu ndo unaleta fangasi na ngozi inapasuka. Mafuta ya nazi kisiginoni sawa, katikati ya vidole hapana. Maji ya moto ya kuoga apime mtu mwengine kwa kiwiko, yeye mguu wake utamdanganya. Na hina, mama yangu nae ana sukari, nimewacha kumtia nyayoni, namtia kucha tu, kwa sababu ule wekundu wa hina unaficha wekundu wa kidonda. Piko, ile rangi nyeusi, ndo kabisaa, linababua ngozi.

BabaWatatu
Mie nizungumzie la mtoto maana nimepita huko. Miaka mitatu kuwa bapa ni kawaida, unyayo bado una mafuta na lile pinda la katikati ya unyayo linakuja taratibu, wengi mpaka miaka sita hivi. Mwambie asimame kwa ncha za vidole, pinda likitokea usihangaike. Viatu vigumu haviliumbi, mnunulie raba laini, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na mwende mkanunue alasiri mguu ukishatanuka. Maumivu ya usiku kama ni miguu yote miwili na asubuhi anakimbia kama kawaida, mkande tu kwa mafuta ya vuguvugu.

MuuguziPemba
Nakubali, ila naongeza. Kama ni mguu mmoja ule ule, au kiungo kimevimba, au anaamka anachechemea, au ana homa, mpeleke, na waombe wampime na siko seli, ule ugonjwa wa damu.

BintiKwahani
Jamani tumerudi. Daktari ameikwangua sugu, shimo limeingia ndani kuliko tulivyodhani, lakini eksirei imeonesha mfupa mzima, alhamdulillah. Kusafishwa kila siku ya pili, kusali kwenye kiti, na asikanyage kabisa. Mwanangu pinda limetokea! Tabu sasa ni mama, nikigeuka tu kashafika jikoni, hakimuumi ndo mana. Mnawakalishaje watu wazima?

MwanaMwani_Paje
Mletee sinia la mchele achague hapo hapo kwenye kiti, na mguu uuinue juu ya mto. Ukiisha mchele mpe kunde.