Kopo lililowambwa linatoa mlio hafifu: nifanyeje?

Swali

Ninaandaa kipindi cha watoto wa miaka 5 hadi 9, ambao ningependa watengeneze ala za kupiga kutokana na makopo, chupa na maboksi yaliyokwisha kutumika. Makopo niliyoyawamba kwa mfuko wa plastiki hayatoi mlio wa maana, na manyanga ya chupa zilizojazwa maharage hadi shingoni yanakaribia kuwa bubu. Je, niwambe kwa kitu gani, na ipo njia ya kupata ala yenye noti za juu na za chini?

Jibu la kwanza

Mfuko haufai, ndugu, kwa sababu ukishavutwa hulegea na kubaki hivyo, ilhali ngoma inataka kiwambo kinachobaki kimekazwa hata baada ya kupigwa. Kata shingo ya puto kubwa, ulivute juu ya mdomo wa kopo, kisha ulikaze kwa kamba au mpira. Kitako cha kopo nacho kitobolewe au kiondolewe kabisa, kwa kuwa hewa iliyofungiwa ndani huzuia kiwambo kucheza. Kingo zilizokatwa zizungushiwe utepe mnene kabla mtoto hajazigusa, na kamwe msikate makopo ya dawa za kupuliza.

Jibu la pili

Puto lina mlio mzuri, lakini mikononi mwa watoto wa umri huo halikawii kupasuka. Mimi napendelea utepe mpana wa kufungia maboksi: upitishwe kutoka ukingo hadi ukingo, kila kipande kikivutwa kwa nguvu na kupishana na chenzake, mpaka mdomo wote ufunikwe kwa tabaka mbili. Kiwambo hicho huvumilia hata mikwiro, yaani vijiti vya kupigia ngoma. Kuhusu manyanga, punguza maharage hadi robo ya chupa au chini ya hapo, maana punje zisizo na nafasi ya kuruka haziwezi kugonga kuta. Mchele hutoa mlio laini kuliko maharage, na kopo la bati hulia kwa ukali kuliko chupa ya plastiki. Vifuniko vigandishwe kwa gundi, hasa kama kuna wadogo wa chini ya miaka 3, ambao wanaweza kupaliwa na punje.

Muulizaji

Nashukuru. Suala la noti bado.

Jibu la tatu

Njia nyepesi ni chupa za kioo zenye maji, zigongwe taratibu kwa kijiko cha mbao chini ya uangalizi wako. Kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo noti inavyoshuka. Ukipuliza mdomoni mwa chupa badala ya kuigonga, mambo hugeuka, noti hupanda. Watoto hubishana sana kuhusu hilo, na ubishi huo una faida kuliko wimbo wenyewe.

Ukiwa na mabaki ya bomba la chuma, unaweza kuunda marimba halisi. Bomba la sentimita 40 liegemezwe kwenye vipande vya sponji vilivyo sentimita 9 kutoka kila ncha, kwani hapo ndipo chuma hakitikisiki. Ukiliegemeza kwingine, mlio hufa upesi. Usidhani kwamba kulikata nusu kutakupa oktavo moja (noti ileile ikirudi juu zaidi, kama kutoka do hadi do inayofuata): kutakupa mbili. Kwa oktavo moja, bomba la pili liwe na takribani sentimita 28.