Chunusi na joto la Dar: nipake nini, niache nini?

Kidawa wa Kimara
Wakuu, naombeni msaada kabla sijarudi kutembea na barakoa. Nina miaka 24, ngozi yangu ya mafuta, nauza nguo Kariakoo. Tangu joto la Desemba lianze, chunusi zimejaa mashavuni na kwenye paji la uso. Asubuhi napanda mwendokasi nimejipaka vizuri, nikishuka Gerezani uso unang'aa kama umetoka kwenye karai la chipsi.

Natumia sabuni ya mche, nanawa hata mara nne. Jioni limao, usiku mafuta ya nazi. Halafu kuna tyubu nilipewa na wifi. Siku tano za mwanzo uso ulikuwa laini kama yai la kuchemsha! Nikiiacha siku mbili, zinarudi kwa hasira na uso unawaka moto.

Mama Pacha
Mdogo wangu, hebu soma maandishi madogo ya hiyo tyubu. Ukikuta clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi. Inatuliza uvimbe, ndiyo maana uliona ulaini, lakini huku nyuma inakondesha ngozi na yenyewe inaleta chunusi. Umeipaka muda gani? Kama ni miezi, nenda nayo kwa daktari wa ngozi, maana kuiacha nako kuna moto wake.

Mzee wa Magomeni
Limao na magadi soda vilimponya binti yangu. Msitishane.

Muuza Dawa
Shikamoo mzee, ila limao halafu jua la saa sita, ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi ya miezi.

Dada Kidawa, punguza vitu. Sabuni ya mche iachie nguo, inakausha uso. Tafuta sabuni laini ya uso, nawa asubuhi na jioni basi. Mchana ukitoka jasho, likaushe kwa leso safi kwa kugusagusa, usisugue. Mafuta ya nazi pikia wali. Paka losheni nyepesi ya jeli isiyo na mafuta.

Dawa usianze hadi suala la tyubu liishe. Hapo ndipo uchukue moja tu: benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, siku moja unapaka, siku moja unapumzika. Inachuja rangi za nguo, mimi imeniulia foronya mbili za bluu. Isipokutosha baada ya wiki 8 hadi 12, kuna adapalini ya asilimia 0.1: usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, hiyo usiiguse.

Bibie wa Tanga
Paji la uso lako linanitia shaka. Umesuka? Mafuta ya nywele yakichanganyika na jasho yanateremka hapo hapo. Chunusi zangu zilipungua nilipoacha kupaka mafuta kwenye kingo za nywele. Na kama ni vipele vidogo vinavyofanana na vinawasha, hata kifuani, mwambie daktari aangalie fangasi. Dawa za chunusi hazigusi hiyo.

Kidawa wa Kimara
Nimesoma tyubu. Clobetasol, na nimepaka miezi miwili. Jumatatu naenda kliniki. Na nimesuka kweli, Bibie umenipiga chabo? Losheni ya kukinga jua nayo ina ulazima? Niliyojaribu ilinifanya kama nimeanguka kwenye unga wa sembe.

Muuza Dawa
Ipo lazima, SPF 30 kwenda juu, jua linakoleza weusi unaoachwa na chunusi. Omba ya jeli, jaribu mgongoni mwa mkono nje ya duka, kwenye mwanga, kabla hujatoa hela.

Kidawa wa Kimara
Asanteni sana. Wifi anauliza, hiyo tyubu iliyobaki anaweza kuja kuichukua?

Mama Pacha
Mlete humu huyo wifi.