Hitler alichaguliwa au alipora? Naomba ushauri wa insha

Kalamu_Mbichi:
Wakuu, salaam. Insha ya Kidato cha Sita: kwa nini madikteta waliibuka Ulaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Rasimu yangu inatoka Mkataba wa Versailles, inapitia mfumuko wa bei wa 1923, kisha Wajerumani wanamchagua Hitler. Nikifika 1933 hoja inakatika. Nirekebishe wapi? Na uvamizi wa Ethiopia wa 1935 niuweke?

Mzee_wa_Nyaraka:
Mkuu, miaka ndiyo inayokuangusha. Mfumuko ulidhibitiwa mwishoni mwa 1923 kwa sarafu mpya ya Rentenmark, na Mei 1928 Wanazi walipata asilimia 2.6 tu, viti 12. Hasira za 1923 zingekuwa sababu tosha, zisingelala miaka yote hiyo. Lete mdororo wa uchumi wa 1929. Chansela (mkuu wa serikali) Brüning alibana matumizi na kukata mishahara, na mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walifika milioni 6 hivi. Kura za Wanazi zikapanda: asilimia 18.3 Septemba 1930, zaidi ya 37 Julai 1932. Ila Novemba 1932 zilishuka hadi 33.1. Hilo usiliruke hata kidogo, maana Hitler alipewa uchansela chama chake kikiwa kinateremka.

Bi_Tarehe:
Naongezea hapo hapo. Tenganisha kupata kura na kupewa ofisi. Tangu 1930 serikali ziliendeshwa kwa amri za dharura za rais, Ibara ya 48 ya katiba, Bunge likawa pembeni. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa mikononi mwa watu wachache waliomzunguka Rais Hindenburg. Papen, chansela wa zamani, alimshawishi kwamba Hitler angezungushiwa uzio: baraza la Januari 30, 1933 lilikuwa na Wanazi watatu tu, yaani Hitler, Frick na Göring. Uzio haukushika kwa sababu Göring alikabidhiwa mambo ya ndani ya Prussia, na pamoja nayo polisi wa jimbo kubwa kuliko yote.

Februari 28, siku moja baada ya Bunge kuungua, amri ya dharura ilifuta uhuru wa magazeti na mikutano, watu wakakamatwa bila mashtaka. Hata hivyo kwenye uchaguzi wa Machi 5 Wanazi walipata asilimia 43.9, si nusu. Machi 23 walihitaji theluthi mbili ili serikali itunge sheria bila Bunge. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamefungwa au wametoroka, askari wa chama cha Nazi wamejaa ukumbini, na chama cha Wakatoliki, Zentrum, kikaunga mkono. Kura 444 kwa 94. Hao 94 wote walikuwa Wasoshalisti, wataje, wanastahili.

Mzee_wa_Nyaraka:
Kwa ulinganisho chukua Italia. Mwaka 1921 Mafashisti wa Mussolini walikuwa na viti 35 kati ya 535. Oktoba 1922 Waziri Mkuu Facta aliandaa amri ya hali ya hatari ili jeshi liwazuie waliokuwa wakielekea Roma. Mfalme Victor Emmanuel III akakataa kusaini, akamwita Mussolini, aliyefika kwa treni kutoka Milan. Sheria ya Acerbo ya 1923 ndiyo iliyofuata: chama kinachoongoza kikipata angalau asilimia 25 ya kura, kinachukua theluthi mbili ya viti.

Bi_Tarehe:
Ethiopia iache. Ni matokeo ya udikteta, na swali lako linauliza sababu. Maneno utakayookoa yapeleke kwenye Novemba 1932 hadi Januari 1933.