Jina la mtoto: tukague nini kabla ya kuliandikisha?

MzaziMtarajiwa: Habari wadau. Tunatarajia binti. Majina yaliyobaki ni Nuru na Khadija. Kaka yake anaitwa Nuhu. Katikati tunataka jina la babu, Abdulrahman, kisha ukoo wenye kistari. Tukague nini?

Sauti_Kwanza: Nuru na Nuhu yatawasumbua. Mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo yote mawili yana "Nu". Tofauti imebaki kwenye r na h, sauti zinazopotea ukiita kutoka chumba kingine. Wataitika wote, au asiitike yeyote (hilo la pili ndilo watakalolipenda).

Jaribuni hivi: mmoja akae nyuma ya mlango uliofungwa, mwingine ataje majina hayo kwa kuchanganya mara kumi, sauti ya kawaida. Aliyeko ndani aandike anachosikia. Akikosea mara mbili, liacheni.

KalamuNyeusi: Basi ni Khadija, lakini Khadija ipi? Kuna Hadija, Kadija, Khadijah. Karani huandika anachosikia, na kompyuta haijui kwamba Hadija wa kadi ya kliniki ndiye Khadija wa cheti cha kuzaliwa. Kasoro hiyo hulala miaka mingi, ikaamka siku ya kusajiliwa mtihani au kuomba pasipoti, ndipo mnaanza kuhangaikia hati ya kiapo.

Chagueni tahajia moja leo. Iandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mumpe karani ainakili. Msimtajie kwa mdomo. Kabla hamjasaini, someni herufi moja moja kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ukisoma kwa kawaida, jicho hujijazia lenyewe na kosa hulioni.

Mhakiki: Naongezea urefu. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili inayosomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44. Majina yote hupewa 39 tu. Hesabu: herufi za ukoo, ongeza 2 za kutenganisha, kisha herufi za majina mengine na 1 kati ya jina na jina. Ukoo wa nafasi 12 pamoja na kistari, Khadija 7, Abdulrahman 11: jumla 33. Inatosha. Mkiongeza jina jingine la herufi sita inakuwa 40, na litakatwa.

Kistari humo hugeuzwa kuwa alama ya nafasi tupu, na ritifaa huondolewa kabisa: Ng'wanza husomeka NGWANZA. Tiketi ya ndege ifuate pasipoti, si mazoea ya nyumbani.

MzaziMtarajiwa: Shukrani. Je, tukiandika "A." badala ya Abdulrahman?

KalamuNyeusi: Hapana. Cheti kikiwa na "A.", kila ofisi itauliza ni A ya nani. Liandikeni kamili au muliache.